Gereza Lisilo na Ukuta: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Filamu ya The Weak and the Wicked (1954)

Kila ninapoitaja filamu hii mbele ya ndugu na marafiki wanaopenda sinema za zamani, maswali huwa ni yale yale. Nimeyakusanya hapa yote niyajibu mara moja. Ni filamu ninayoipenda kwa dhati, na naamini inastahili kutazamwa na watu wengi kuliko wanaoifahamu leo. Sijasimulia mwisho wake, kwa hiyo soma bila wasiwasi.

Ni filamu gani hasa?

The Weak and the Wicked ni filamu ya Uingereza iliyotoka Februari 1954. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, na urefu wake unakaribia saa moja na nusu. Jina lake kwa Kiswahili lingekuwa kitu kama "Wanyonge na Waovu", ingawa ukishaitazama utajiuliza hao waovu wako wapi, maana wanyonge ndio wamejaa tele. Mwongozaji ni J. Lee Thompson, na aliyeshika kamera ni Gilbert Taylor.

Inahusu maisha ya wanawake gerezani nchini Uingereza, miaka michache tu baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Hakuna mapigano ya kisu chooni wala njama za kuchimba shimo chini ya ukuta. Wanawake wanafua, wanashona, wanasubiri barua, wanahesabu siku. Watu wakiniambia kwamba filamu za jela haziwahusu, huwaambia waanze na hii.

Kisa chake ni kipi?

Jean Raymond ni mwanamke wa tabaka la juu, mwenye elimu na adabu zake, lakini kamari imemshika vibaya. Madeni yanamwelemea hadi anafikishwa kizimbani kwa kosa la udanganyifu, na mtu aliyemdhania kuwa rafiki ana mkono wake katika kuanguka huko. Anahukumiwa kifungo cha miezi 12. Mpenzi wake, daktari aitwaye Michael, anabaki nje akiwa hajui amsubiri au aendelee na maisha yake.

Gerezani Jean anakutana na watu ambao huko kwao Mayfair, mtaa wa matajiri wa London, asingewaona hata kwa mbali. Yupo Betty, msichana mrembo na mwepesi wa kuamini, aliyeingia matatizoni kwa ajili ya mwanamume asiyestahili hata machozi yake. Yupo Nellie, ambaye kwake kudokoa madukani ni kazi ya ukoo, mume na watoto wote wamo. Yupo Babs, aliyewaacha watoto wake peke yao nyumbani ili akatoke na mwanamume, na msiba ukatokea. Yupo pia msichana mja mzito, ambaye hofu yake inapanda kadiri tumbo linavyokua.

Baadaye baadhi yao wanahamishwa kutoka gereza kuu lenye kuta na minyororo ya funguo kwenda gereza la wazi. Hapo ndipo moyo wa filamu ulipo, na nitaurudia hapo chini kwa kirefu.

Je, ni kisa cha kweli?

Msingi wake ni wa kweli. Filamu ilitokana na kitabu cha Joan Henry kilichochapishwa mwaka 1952, Who Lie in Gaol, ambamo alisimulia maisha yake mwenyewe akiwa mfungwa. Alikuwa ametoka katika ukoo mkubwa uliowahi kutoa mawaziri wakuu wa Uingereza, akawa mwandishi wa riwaya, kisha akahukumiwa kifungo cha miezi 12 kwa kosa lililohusu hundi ya udanganyifu. Alitumikia miezi 8, kwa kuwa sheria za wakati ule zilimpunguzia theluthi moja mfungwa mwenye tabia njema. Sehemu ya kwanza aliimalizia gereza la Holloway, London, na sehemu ya pili gereza la wazi la Askham Grange, karibu na mji wa York.

Jina la kitabu limetoka kwenye shairi la Oscar Wilde, ambaye naye alifungwa. Mshairi anasema kwamba walalao jela wanajua jambo moja tu, kwamba ukuta ni imara na kwamba siku moja ni kama mwaka.

Henry hakuishia kuuza hadithi yake. Alishiriki kuandika mswada wa filamu pamoja na Thompson na Anne Burnaby, na kwa macho yangu hiyo ndiyo sababu mambo madogo ya gerezani yanaonekana kuwa sahihi. Mtu aliyekisia tu asingejua yale. Mwaka 1958 Joan Henry na J. Lee Thompson wakaoana.

Mambo gani madogo hayo?

Chukua siku ya kwanza ya Jean. Hapigwi wala hatukanwi. Anapokewa kama kifurushi. Vitu vyake vinachukuliwa na kuandikwa, anapelekwa kuoga, anakaguliwa mwilini, anavishwa sare ambayo haikukatwa kwa kipimo chake. Kila askari anafanya kazi yake kwa utaratibu, sauti haipandi, na hiyo ndiyo inayoumiza. Mwanamke aliyeingia na jina lake, mkoba wake na manukato yake anatoka upande wa pili akiwa mmoja kati ya wengi. Glynis Johns anaigiza haya yote kwa uso tu. Tazama macho yake anapotambua kwamba kuanzia sasa hata mlango hatafungua mwenyewe.

Jambo la mlango ni zito. Mtu ambaye hajawahi kufungwa anadhani adhabu ni kufungiwa. Waliopita huko husema adhabu ni kusimama mbele ya mlango ukingoja mwenye ufunguo aje, mara kumi, mara ishirini kwa siku, hadi mkono unasahau kushika kitasa. Filamu inaonyesha hilo bila kulieleza kwa maneno.

Mbona hadithi inarudi nyuma mara kwa mara?

Waandishi wametumia kisengerenyuma, mbinu ile tuliyoihangaikia sote kwenye mitihani ya fasihi. Mwanamke anaanza kusimulia kilichomleta jela, na picha inaturudisha huko. Kwa hiyo ndani ya filamu moja kuna visa vidogo vinne au vitano.

Ubora wake haulingani. Kisa cha Babs kinakata maini. Kisa cha familia ya Nellie, ambamo Sid James anaigiza mume, kimefanywa cha kuchekesha, na kile cha wazee wawili na mpango wa kumtilia mume sumu nacho kimechezwa kwa utani. Watazamaji wengi wa leo wanaona utani huo umekaa vibaya katikati ya machozi. Mimi nina maoni tofauti kidogo. Gerezani watu hucheka, na husimuliana visa vyao kwa namna itakayowachekesha wenzao, kwa sababu hawawezi kuvibeba vikiwa na uzito wake wote. Ila nakubali kwamba kisa cha sumu kingeweza kupunguzwa nusu na filamu isingepoteza kitu.

Gereza la wazi lilikuwepo kweli, au ni ubunifu?

Lilikuwepo, na bado lipo. Askham Grange ni jumba la kifahari la mashambani lililojengwa karne ya 19 katika kijiji cha Askham Richard, nje kidogo ya York. Mwaka 1947 liligeuzwa kuwa gereza la kwanza la wazi kwa wanawake nchini Uingereza. Katika filamu linaitwa Grange tu.

"Wazi" maana yake ni wazi kweli. Hakuna ukuta. Hakuna seli zenye makomeo. Mwanamke analala, anaamka, anakwenda kazini bustanini, jikoni au kwenye dobi, na kati yake na barabara kuu hakuna kinachomzuia isipokuwa neno lake. Sisi katika Afrika Mashariki si wageni wa jina hilo, maana Tanzania nayo ina magereza yanayoitwa ya wazi, ingawa mazingira ni tofauti.

Mkuu wa kwanza wa Askham Grange alikuwa Mary Size, mwanamke kutoka Ireland aliyeanza maisha kama mwalimu, akawa naibu mkuu wa Holloway kuanzia mwaka 1927. Umri wa kustaafu ulikuwa umemfikia alipoitwa kulianzisha gereza hili jipya. Mtu wa namna hiyo angeweza kusema amechoka. Yeye alikubali, akalifungua jumba, akawaambia wanawake waliotoka kwenye kuta za Holloway kwamba hapa hakuna atakayewafungia.

Hebu fikiria lilivyokuwa jambo la kuthubutu. Mwaka 1947 Uingereza ilikuwa bado inakula kwa mgao. Kazi ngumu kama adhabu ilikuwa bado imo kwenye vitabu vya sheria, na ilifutwa na sheria ya mwaka 1948. Katika hali hiyo serikali ikakubali kuwaweka wezi, matapeli na hata waliohusika na vifo vya watu katika nyumba ambayo milango yake haina komeo. Kama wangetoroka kwa wingi, magazeti yangelisambaratisha gereza lile wiki hiyohiyo.

Filamu imelishika jambo hili mahali pake penye mvutano. Wafungwa wanaokaribia kumaliza kifungo huruhusiwa kwenda mjini kwa siku moja ili wazoee tena maisha, na inafika zamu ya Jean na Betty. Wanavaa nguo zao wenyewe, wanatembea barabarani, wanatazama vioo vya maduka, na watu wanapita bila kuwatambua. Halafu Betty, ambaye moyo wake bado uko kwa yule mwanamume wake wa London, anaanza kuwaza. Treni ipo. Hakuna askari. Nilishika pumzi mara ya kwanza, na hata sasa ninapojua kinachofuata bado naishika. Kwa filamu nzima tumekuwa tukiogopa kuta, kumbe jambo la kuogofya zaidi ni kuaminiwa.

Waigizaji ni kina nani? Nitawatambua?

Baadhi yao huenda umewaona bila kujua.

Glynis Johns, anayeigiza Jean, alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1923, wazazi wake wakiwa safarini kikazi. Kama uliwahi kuwakalisha watoto mbele ya Mary Poppins ya mwaka 1964, ndiye yule mama wa watoto anayeandamana kudai wanawake wapige kura. Sauti yake ina mkwaruzo mtamu ambao ukiusikia mara moja huusahau. Alifariki Januari 2024 akiwa na umri wa miaka 100.

Diana Dors anaigiza Betty. Alizaliwa Swindon mwaka 1931, na makampuni ya filamu yalimtangaza kwa nywele zake na umbo lake hadi watu wakasahau kuuliza kama anajua kuigiza. Hapa anajua. Betty angeweza kuwa kituko cha msichana mjinga, lakini Dors anampa utu, na ukimfuatilia vizuri utaona kwamba wimbo mzima wa huruma katika filamu hii unaimbwa kwa sauti yake.

John Gregson ni Michael. Jane Hylton ni Babs, na uso wake katika kile kisa cha watoto ni wa kukumbukwa. Rachel Roberts, mzaliwa wa Wales, yumo akiwa bado anaanza kazi yake, na miaka michache baadaye akawa mmoja wa waigizaji walioheshimiwa sana Uingereza. Sybil Thorndike, aliyekuwa malkia wa jukwaa la London tangu miaka ya 1920, anajitokeza kwenye kile kisa cha sumu. Na Gilbert Taylor wa kamera ndiye aliyekuja kupiga picha za Star Wars ya mwaka 1977. Sina haja ya kuongeza neno.

Naweza kuitazama na watoto?

Wakubwa kidogo, ndiyo. Hakuna uchi wala damu. Kisa cha Babs ndicho cha kuangalia, kwa sababu kinahusu watoto wadogo na mtoto mwepesi wa hisia anaweza kukosa usingizi.

Haina kasoro?

Inazo, tena kubwa moja inanisumbua. Jean ametakaswa mno. Filamu imepanga mambo ili tumwone zaidi kama mtu aliyetegwa kuliko kama mtu aliyekosa, na hivyo imetupa ruhusa ya kumhurumia bila gharama yoyote. Huruma yenye thamani ni ile unayompa Babs, ambaye kweli amekosa, na kosa lake halirekebishiki. Laiti waandishi wangekuwa na ujasiri wa kumweka Babs katikati.

Jambo la pili ni tabaka. Hadithi inatembea juu ya mabega ya mwanamke mwenye Kiingereza cha kupendeza, huku walio maskini wakipewa visa vya pembeni. Na wapo wanaosema gereza lake la wazi limepakwa asali, mfano wa tangazo la serikali. Siafiki kabisa, maana Joan Henry alilala huko, na alichokisifu alikuwa amekiishi. Lakini ni kweli kwamba mkuu wa gereza katika filamu ni mwenye hekima kila saa, na hakuna binadamu wa hivyo.

Ni kweli kwamba kuna filamu ya pili iliyotokana na Joan Henry?

Ipo, na kwa maoni yangu inaipita ya kwanza. Inaitwa Yield to the Night, ya mwaka 1956. Timu ni ileile: riwaya ya Joan Henry, J. Lee Thompson akiongoza, Gilbert Taylor kwenye kamera, Diana Dors mbele yake. Ilishindanishwa kwenye tamasha la Cannes mwaka huohuo.

Safari hii Dors ni Mary Hilton, mwanamke aliyehukumiwa kunyongwa. Hatuulizwi kama ameua. Dakika za mwanzo kabisa tunamwona akifyatua risasi mchana kweupe, hasemi neno. Baada ya hapo kilichobaki ni chumba.

Ni chumba hicho kinachostahili kuelezwa. Kitanda, meza, viti. Taa haizimwi usiku wala mchana, kwa hiyo Mary analala akiwa amejifunika macho. Askari wanawake wanakaa naye kwa zamu saa 24, wanacheza naye karata, wanamletea chai, wanamwambia ale. Wanamtunza asije akajiua, ili serikali imuue kwa wakati iliojipangia. Na ukutani kuna mlango ambao haufunguliwi, ule wa kwenda kwenye kitanzi. Hakuna anayeutaja. Mary anajua uko pale, mtazamaji anajua uko pale, na kamera inaurudia na kuurudia, hadi mlango wenyewe unakuwa kama mtu mwingine chumbani. Anapata lengelenge kisiginoni, na askari wanalihangaikia kama vile atahitaji mguu ule kwa miaka mingi ijayo. Sijawahi kuona hoja dhidi ya adhabu ya kifo iliyonigusa kuliko lengelenge lile.

Dors anaigiza bila vipodozi, mizizi ya nywele zake ikionekana nyeusi chini ya rangi. Kwa mwigizaji ambaye riziki yake ilitegemea urembo, hilo lilikuwa jambo la kishujaa. Yvonne Mitchell, anayeigiza askari MacFarlane, anamtazama kwa upendo ambao kazi yake haimruhusu kuutamka.

Je, Yield to the Night ni kisa cha Ruth Ellis?

Watu wengi wanaamini hivyo, lakini sivyo. Riwaya ilitoka mwaka 1954. Ruth Ellis alimpiga risasi mpenzi wake David Blakely nje ya baa iitwayo Magdala, Hampstead, Jumapili ya Pasaka, tarehe 10 Aprili 1955. Alihukumiwa mwezi Juni na kunyongwa Holloway tarehe 13 Julai 1955 akiwa na miaka 28. Hakuna mwanamke mwingine aliyenyongwa Uingereza baada yake.

Hata hivyo filamu ilipoingia majumbani mwa sinema mwaka uliofuata, hapakuwa na Mwingereza aliyeweza kumtazama Mary Hilton bila kumwona Ellis. Mwanamke mwenye nywele za dhahabu, bastola, mapenzi yaliyogeuka sumu, London. Na kuna jambo jingine linalonitia baridi: Ellis na Dors waliwahi kuonekana katika filamu moja, Lady Godiva Rides Again ya mwaka 1951, Dors akiwa na nafasi kubwa na Ellis akiwa miongoni mwa warembo wa mashindano, jina lake halikuandikwa.

Bunge lilisimamisha adhabu ya kifo kwa makosa ya mauaji mwaka 1965, na mwaka 1969 likaifuta moja kwa moja katika England, Wales na Scotland. Sitasema filamu ndiyo iliyofanya hivyo. Lakini watu waliopiga kelele walikuwa wamekiona kile chumba.

Zipo nyingine za aina hii?

Tafuta Turn the Key Softly ya mwaka 1953, iliyoongozwa na Jack Lee. Wanawake watatu wanaachiwa kutoka Holloway asubuhi moja, na tunawafuata mpaka usiku wa siku hiyohiyo. Yvonne Mitchell yumo, Joan Collins yumo akiwa binti mdogo, na Kathleen Harrison anaigiza bibi ambaye mapenzi yake yote yapo kwa mbwa wake. Sehemu nyingi zilipigwa kwenye mitaa halisi ya London, kwa hiyo unauona mji jinsi ulivyokuwa baada ya mabomu ya vita. Ukizitazama tatu kwa mfululizo, una mwanamke anayeingia jela, mwanamke asiyetoka, na mwanamke aliyetoka.

Sisi huku Afrika Mashariki inatuhusu nini?

Swali hili huulizwa kwa ukali kidogo, na ni haki yake. Nalijibu kwa tarehe.

Februari 1954 filamu inaonyeshwa London, na Waingereza wanatoka majumba ya sinema wakiwa wamewahurumia wafungwa wanawake. Tarehe 24 Aprili mwaka huohuo, majeshi ya serikali hiyohiyo yanaizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, yanawakamata maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru na kuwapeleka vizuizini. Wanawake wengi waliotiwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari walipelekwa Kamiti, nje kidogo ya Nairobi, wengine wakiwa na watoto wao. Wengi hawakuwahi kusimama mbele ya hakimu. Kamiti haikuwa na siku ya kwenda mjini kutazama vioo vya maduka.

Na wakati taifa zima la Uingereza lilipokuwa likibishana kwa uchungu kama ni sawa kumnyonga Ruth Ellis, watu zaidi ya 1,000 walinyongwa Kenya katika miaka ile ya vita vya Mau Mau.

Sisemi haya ili kuidharau filamu. Joan Henry aliandika alichokiona, na alikiandika kwa ukweli. Nayasema kwa sababu ninapomwona Jean akiaminiwa kutembea barabarani bila askari, namkumbuka pia mwanamke wa Kiambu ambaye ulinzi uliomzunguka ulikuwa wa seng'enge, na ambaye serikali hiyohiyo ya London ingeweza kumwona kama ilivyomwona Jean, kama ingetaka. Mtazamaji wa Kiswahili ana haki ya kuitazama filamu hii akiwa na picha zote mbili kichwani.

Kwa nini Marekani inajulikana kwa jina jingine?

Wasambazaji wa huko waliibandika jina la Young and Willing, na Yield to the Night wakaiita Blonde Sinner. Walitaka kuuza nywele za Dors. Ukikutana na majina hayo, jua ni filamu zilezile, na usiyaruhusu yakuharibie hamu.

Naipata wapi, na Kiingereza chake kinaeleweka?

Ilitengenezwa na kampuni iliyofanya kazi chini ya Associated British, na hazina ya filamu za studio hiyo sasa iko mikononi mwa StudioCanal. Hivyo anza kutafuta kwenye DVD zao na kwenye huduma za kulipia mtandaoni. Nakala nyingine zinazozunguka zina picha hafifu, na katika filamu ya rangi mbili hilo linaharibu mengi, kwa sababu Taylor amefanya kazi kubwa ya vivuli kwenye korido na ngazi za gereza.

Kuhusu lugha, Jean na wakuu wa gereza wanaongea Kiingereza cha redio ya zamani ya BBC, polepole na kwa kutamka kila herufi, ambacho wengi wetu tuliokulia na redio hatupati shida nacho. Nellie na wenzake wa London ya mashariki wanameza maneno. Washa maandishi ya chini wakianza kuongea wao.

Niitazame ipi kwanza?

The Weak and the Wicked jioni moja, halafu upumzike siku mbili tatu, ndipo uitafute Yield to the Night. Usizitazame usiku mmoja. Mimi nilifanya hivyo na sikulala hadi adhana ya alfajiri.

Holloway na Askham Grange ziko wapi leo?

Holloway ilifunguliwa mwaka 1852, ikawa ya wanawake peke yao mwanzoni mwa karne ya 20. Wadai haki ya kupiga kura walifungwa humo, wakagoma kula, wakalishwa kwa nguvu. Wanawake watano walinyongwa ndani yake kati ya mwaka 1903 na 1955. Jengo la zamani lenye minara kama ngome lilibomolewa na kujengwa jipya, na mwaka 2016 gereza lenyewe likafungwa. Kiwanja kilinunuliwa mwaka 2019 na taasisi ya makazi ya Peabody kwa ajili ya nyumba za kuishi, na katika mipango yake kumetengwa jengo la huduma kwa wanawake.

Askham Grange iko palepale kijijini, bado ni gereza la wazi, na ina kitengo ambamo wafungwa wanalea watoto wao wachanga. Ukuta haujajengwa.